Kindi Aliyeomba Asichekwe

Hapo zamani za kale, wanangu, katika nchi ya theluji na misonobari, milki kubwa ya Tai ilivunjika vipande. Kipande kimoja akakitwaa Dubu. Akalikalia ghala la nchi nzima, yeye na mbwamwitu wake, na wengine wakawa wanatafuna magome ya miti.

Kindi, mama wa watoto wanne, akaanzisha chama. Akakiita Ghala la Wote.

"Ghala tulilijaza sote," alisema, "basi tule sote. Wagonjwa na wazee watangulie."

Dubu akaunguruma, ngrrr! "Haya, upinzani na uwepo! Lakini Jumapili niwaone wanachama mia uwanjani, wainue mikono mbele ya hakimu Korongo. Wakipungua, chama kimekufa, nawe utahama nchi."

Kisha akawanong'oneza mbwamwitu wafunge njia zote.

Kindi alipoona njia zimefungwa, hakulia. Alikimbia, tipu tipu tipu, hadi kwa Dubu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimeshindwa, Mzee. Jumapili nitasimama peke yangu. Nakuomba kitu kimoja tu: wenzangu wasije kuniona. Aibu hiyo itaniua!"

Tumbo la Dubu likatikisika kwa kicheko. "Nenda, mwanangu, nenda."

Kindi alipotoka tu, Dubu akapaza sauti: "Fungueni njia! Kila mwenye miguu aje amcheke Kindi! Asiyekuja atanitambua!"

Jumapili uwanja ukafurika. Kindi akapanda juu ya kisiki. Akapaza sauti.

"Jamani! Nani anataka chama cha Ghala la Wote, tule sote?"

Kila mmoja akamtazama jirani yake. Kisha Bibi Nungunungu, aliyefiwa na mumewe kwa njaa, akainua mkono. Sungura akafuata. Mara uwanja mzima, mikono juu! Hata mbwamwitu watatu wa nyuma, maana nao walikuwa wakilishwa makombo.

"Shusheni!" Dubu akafoka. "Nimewaita mcheke!"

"Umewaita wewe, Mzee," akasema Kindi. "Mikono wameinua wenyewe."

Korongo akanyoosha shingo. "Mia imepita zamani. Chama kipo."

Dubu akawatazama mbwamwitu wake. Wao wakatazama theluji. Akarudi pangoni akikokota miguu, na umati ukaenda kufungua ghala, Bibi Nungunungu akiwa mbele.

Wanangu, anayekusanya watu wamcheke mnyonge, humkusanyia mnyonge jeshi.