Sindano Iliyopimwa kwa Ngozi ya Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Wa nyuma mnanong'ona. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Watoto kaeni mbele, wakubwa kaeni nyuma, maana leo wakubwa ndio watakaosemwa.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, kwa kuwa plastiki ilikwisha fika duniani, palikuwa na Bi Mnana. Mnamjua mnana, yule ndege mdogo wa manjano anayefuma kiota chake kwa majani. Basi huyu alikuwa fundi wa mafundi. Akafungua darasa bondeni, awafundishe watoto wa wanyama kushona. Wakaja watoto tisa. Mdogo wao alikuwa Mwanasiti, binti wa Digidigi. Miguu myembamba, macho makubwa, maswali hayaishi. Mwalimu, uzi unatoka wapi? Mwalimu, fundo linalala saa ngapi?

Msiniulize kwato inashikaje sindano. Mkishakubali kwamba wanyama wanasema, kubalini na hilo.

Sasa sindano zitoke wapi? Akaja Bwana Nungunungu, chaka-chaka-chaka, miba inagongana mgongoni.

"Sindano ninazo mimi," akasema. "Wengine wananunua, mimi nimezaliwa nazo. Chagueni!"

Lakini bonde lile lilikuwa na desturi yake. Kitu chochote cha watoto, sharti mwenyekiti akipime kwanza kwa mwili wake mwenyewe. Na mwenyekiti alikuwa nani? Mzee Kiboko. Kiti cha watoto alikikalia, kikawa kuni. Bembea ya watoto aliipanda, mti ukainama mpaka leo. Lakini desturi ni desturi. Mzee akatega mgongo, Nungunungu akachomeka mwiba. Chwi!

"Unasikiaje, mzee?"

"Nasikia... inatekenya. Ongeza."

Chwi! Chwi!

"Hi hi hi! Haina madhara hii. Wapeni watoto."

Wakapewa. Siku hiyo hiyo Mwanasiti akausukuma mwiba kwenye marekani. Kitambaa kigumu, mtoto akakaza. Mwiba ukapenya kitambaa, ukampenya na yeye. Uwiii! Damu tone, tone, tone.

Toka siku hiyo Mwanasiti alikaa nje ya darasa. Akiona uzi, anarudi nyuma. Maswali yake yakakauka yote. Wazazi wengine nao wakasikia, wakawazuia watoto wao. Tisa wakawa saba. Saba wakawa wanne.

Mzee Kiboko akatangaza, "Wakibaki watatu, darasa nalifunga. Watoto wa siku hizi ngozi laini mno."

Bi Mnana aliumia. Darasa alilipenda, ndiyo, lakini kilichomkata maini ni kile kimya cha Mwanasiti. Alilia, hakuona haya kulia. Kisha akajipangusa, akaruka, purrr, mpaka mjini.

Kule mjini akatua kwenye dirisha la shule ya chekechea. Akachungulia. Lahaula! Watoto wa binadamu wanashona huku wanacheka. Sindano zao za plastiki, nene, ncha butu, na tundu kubwa hata uzi wa sufu unaingia bila kulambwa mara saba. Bi Mnana akarudi nazo bondeni, moja moja, safari tisa. Alizipataje? Nimesema msiniulize maswali.

Nungunungu alipoziona alicheka mpaka miba ikasimama.

"Hivi hizi ndizo sindano au vijiti vya kuchokolea meno?" Akachukua moja, akaisukuma kwenye marekani. Ikapinda, nyeee. "Mmeona? Sindano isiyotoboa ina kazi gani? Wahenga wamesema, mtoto akililia wembe, mpe!"

"Huyu hakuulilia," Bi Mnana akajibu. "Umempa wewe."

Bi Mnana akaondoa marekani, akatandaza kipande cha gunia la katani, lile lililofumwa wazi hata unamwona jirani upande wa pili. "Sindano butu haitoboi, inapita palipo wazi. Mpe kitambaa chake." Shwa, ikaingia. Shwa, ikatoka.

Mzee Kiboko aliona. Aliona vizuri kabisa. Lakini akakunja uso.

"Hapana. Ule mwiba niliupitisha mimi. Leo niseme nilikosea? Mbele za watu?"

Bi Mnana akainama kwa adabu. Nanyi mkimwona mjanja ana adabu kupita kiasi, mjue kuna jambo.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba."

"Hujakosea hata kidogo. Ila kupima hakujaisha. Fundi akipanga kitambaa, sindano anaibana wapi? Midomoni. Na mtoto, kitu gani hakipeleki kinywani? Mgongoni umekwisha pima, mzee wetu. Bado mdomoni."

Kiboko alipenda kupima kuliko alivyopenda kula, na kula alikupenda sana. "Leteni!" Akafungua kinywa, nusu ya kijiji wakaona alichokula asubuhi. Nungunungu akauweka mwiba juu ya ulimi. Kiboko akafumba polepole.

"Unaona?" akasema kwa pembe ya mdomo. "Thalama kabi—"

Hapo Bi Mnana akaruka, akauingiza unyoya wa mkia wake katika tundu la pua ya mzee. Akauzungusha. Zungu, zungu, zungu.

"Ha... haa... haaa..."

Kimbieni!

"CHYAAAA!"

Meno yakagongana, mwiba ukasimama wima kwenye ulimi. Mzee mwenye ngozi ya inchi mbili akalia, akamwita mama yake, na mama yake alikwisha kufa miaka thelathini iliyopita. Wakauchomoa. Damu tone, tone, tone.

"Pole sana, mzee," akasema Bi Mnana. "Imebaki ya plastiki. Desturi ni desturi."

Kiboko akarudi hatua nyuma, lakini watu wote wanamtazama, afanyeje? Akafungua kinywa, ikawekwa. Unyoya puani. Zungu, zungu.

"CHYAAAA!"

Sindano ya plastiki ikaruka, paap, ikampiga Nungunungu juu ya pua. Nungunungu akaanguka chali, akaishika pua, akapiga mayowe. Kisha akautoa mkono, akautazama. Hakuna damu. Akaipapasa pua. Hakuna hata mkwaruzo.

Mzee Kiboko akasimama, ulimi umevimba, akatoa hukumu.

"Thikilizeni! Mimi nilikothea! Watoto wathone kwa thindano ya plathtiki!"

Bonde zima likaangua kicheko. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa nje ya darasa. Mwanasiti alicheka mpaka akaingia ndani bila kujua, akakaa, akashika sindano ya plastiki. Shwa, ikaingia. Shwa, ikatoka. Mstari wake ulikwenda upogo kama njia ya mlevi. Akashona mwingine. Wa tatu ukanyooka.

Akainua macho, akamtazama Nungunungu aliyekuwa anajikunja pembeni kwa aibu.

"Mwalimu," akauliza, "na ule mwiba mkali, nitaushika lini?"

Bi Mnana akapigapiga mabawa kwa furaha. Swali la kwanza tangu siku ile!

"Mkono ukizoea, mwanangu. Bwana Nungunungu atakutunzia."

"Nitautunza," akasema Nungunungu. "Na nitaufunga kitambaa kwenye ncha."

Basi mmesikia, watoto, na nyinyi wa nyuma mmesikia zaidi. Kitu cha mtoto kipimwe kwa ngozi ya mtoto, si kwa ngozi ya kiboko. Anayejifunza aanze na butu, makali yatamfuata.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimepiga fundo, nimekata uzi. Mwenye yake naye atunge sindano.