Kiti cha Atupakisye

Ndugu zangu, kabla sijaanza, namwomba yule baba wa benchi la nyuma asilale bado. Mahubiri yanakuja, atalala vizuri tu. Huu ni mfano, utaisha kabla shingo haijalegea.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekodisha viti. Mnawajua hawa: harusi ni yeye, msiba ni yeye, kipaimara ni yeye. Alikuwa na viti vya plastiki mia tatu, na nyuma ya kila kiti ameandika jina lake kwa rangi nyekundu. Wenzake huandika herufi mbili, kiti kisipotee. Yeye aliandika jina lote, lake na la baba yake, kubwa kama bango la duka la dawa. Unaketi harusini, mbele yako safu kumi za migongo zinakwambia huyu mama ni nani. Hata ukisahau jina la bwana harusi, la mwenye viti unarudi nalo nyumbani.

Alikuwa na majivuno? Alikuwa nayo, tena ya kutosha kugawia jirani. Nawaona mnatikisa vichwa. Tikiseni polepole, mtavihitaji tena mbele.

Siku moja aliitwa kupeleka viti thelathini kwenye nyumba fulani kule mlimani. Ni nyumba ya watoto wagonjwa ambao madaktari wamekwisha kusema hawatapona. Pale mtoto anatunzwa asiumie, acheke, ale anachokipenda, na mzazi wake apate pa kuegemeza kichwa. Kulikuwa na sherehe. Binti mmoja alikuwa anatimiza miaka minane, na kila mtu mzima pale alijua kwamba tisa hataiona.

Binti alikuwa amebebwa na mama yake. Akasoma mgongo wa kiti cha kwanza, akasoma cha pili, akasoma cha tatu.

"Bibi, hili jina ni la nani?"

"Langu."

"Na hili hapa?"

"Langu pia. Vyote vyangu. Viko mia tatu." Akavimba kidogo, mmeshamjua alivyo.

"Mimi naitwa Atupakisye," binti akasema. "Mimi nimeandikwa kwenye faili la hospitali tu."

Ndugu zangu, yule mama alikuwa na jibu la kila mtu. Aliwahi kumjibu diwani mpaka diwani akaomba maji ya kunywa. Siku ile alipanga viti thelathini, akaondoka bila hata kuuliza avifuate saa ngapi.

Wiki ile ile akawaita wanawe, akaita na wazee wawili wa kanisa wawe mashahidi, akaandika wosia. Mwanawe mkubwa akashika kichwa. Huyu ndiye aliyevifuta viti vile matope tangu akiwa darasa la tatu, na siku zote alijua kwamba vitakuja kuwa vyake.

"Mama, huo ni uchuro. Mtu mwenye afya yako unaandika mambo ya kufa?"

"Mwanangu, wewe ulichapisha kadi za harusi kabla binti hajakukubali. Huo haukuwa uchuro?"

Wazee wa kanisa wakatazama dari. Kijana akakiachia kichwa.

"Haya. Umeandika nini?"

"Nyumba ni yenu nyote. Shamba la chai ni lenu. Maturubai na masufuria ni yako, uiendeleze kazi. Viti vyote ni vya watoto wa kule mlimani. Viendelee kukodishwa, kitakachopatikana kiwanunulie dawa za maumivu."

"Turubai bila viti, mama? Hiyo si biashara, huo ni mwavuli."

"Basi utakodi viti kwa watoto. Na uende na adabu, hao ndio wenye mali."

Kijana akanuna. Akanuna miaka minne. Kazi anafanya, chakula anakula, amenuna.

Kisha mama akafa. Watu wakakaa matanga juu ya viti vyake, jina lake migongoni mwao. Matanga yalipoanuliwa, wosia ukasomwa. Yote yaliyomo waliyajua, isipokuwa mstari wa mwisho, ambao mama aliuongeza baadaye mbele ya mashahidi wale wale:

"Jina langu lifutwe kwenye viti vyote. Kila mtoto aliyewahi kulala katika nyumba ile, aliyepo na aliyetangulia, aandikwe kwenye kiti chake. Wa kwanza awe Atupakisye. Mwanangu mkubwa ndiye aandike, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, na kununa kwake kumetosha."

Kijana akacheka na kulia katika pumzi moja. Akachukua brashi. Atupakisye alikuwa amekwisha kuzikwa zamani, na jina lake halikuenea kwenye mgongo wa kiti; herufi tatu za mwisho zikateremka chini.

Mwaka uliofuata kukawa na harusi kubwa mjini, na mama yake Atupakisye alialikwa. Anaingia kwa nyuma, anatazama safu ya wakubwa, anamwona babu wa bwana harusi, mzee mwenye mwili wake na suti yake, amekijaza kiti. Na nyuma ya kiti: ATUPAKI. Chini yake: SYE. Akamwendea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Samahani. Hicho kiti ni cha mwanangu."

Mzee akainuka kama aliyekalia sindano. "Nisamehe, mama, sikujua. Yuko wapi mtoto, aje akae."

"Kaa, baba. Kaa vizuri, uegemee. Nilitaka tu ujue umekaribishwa na nani."

Kisha akavuta kiti cha jirani, cha mtoto mwingine, akaketi, akainua kichwa. Ukumbi mzima hapakuwa na aliyejivuna kama yeye, na hapo mama wa bibi harusi alikuwepo, tena na kilemba.

Mlikuwa mnangoja niseme majivuno ni dhambi? Sisemi. Leo nataka tujivune, ila tujifunze kujivuna kama hawa kina mama wawili.

Sisi hapa tunaandika majina kwenye kila kitu. Kwenye ndoo. Kwenye sufuria. Kwenye bakuli la kupelekea ndizi msibani. Nani ameandika wosia? Naona mikono mitatu, na mmoja unakuna sikio. Tunaiogopa karatasi, kana kwamba kifo husubiri taarifa yetu ndipo kipange safari.

Andika, ndugu yangu. Wape wanao haki yao, wasije wakagombana juu ya kaburi bichi. Kisha acha mstari mmoja kwa watoto ambao hawatakua wakaandika wosia wao. Ng'ombe, mistari miwili ya chai, kiti. Ukishaandika, jivune, na mimi nitakuja tujivune pamoja.

Jina lako kwenye ndoo, mvua ya huku italifuta bila kuomba msaada. Mimi naulizia ile nafasi itakayobaki wazi. Umeiacha kwa jina la nani?