Mkono Chini ya Maji

Mzazi anayeyaogopa machozi ya mtoto leo hujiwekea akiba ya machozi yake mwenyewe. Maneno hayo Adolphine aliyasikia tangu utotoni na, kama wengi wetu, alidhani yanawahusu watu wengine.

Mwanawe Lionel alilemaa mguu baada ya kudungwa sindano ya kwinini. Kila juma alimpeleka ufukweni mwa mji wa Baraka, ambako Norbert, fundi wa viungo wa kituo cha afya, aliwapima watoto ndani ya ziwa. Maji humpunguzia mtoto uzito, aliwaeleza akina mama. Anayesimama peke yake maji yakimfika kifuani, mguu wake una nguvu, naye ataanza kufundishwa kutembea mchangani. Anayeshindwa hupewa magongo kwanza.

Lionel alipoachiwa, alilia kwa hofu. Adolphine, mama wa huruma kupita kiasi aliyesimama kando yake, akapenyeza mkono chini ya maji yaliyochafuliwa na mvua, akamshika kiuno. Mtoto akanyamaza, akasimama wima kama mlingoti. Ikawa hivyo kila walipokwenda.

"Mama Lionel, mutoto akilia, umuache alie," Norbert alimwambia. "Mi natafuta kujua miguu yake, hapana machozi."

Adolphine aliitikia vizuri, lakini mkono haukutoka. Hatimaye Norbert, asiyeuona mkono huo, akaridhika kwamba Lionel anasimama, na magongo pekee yaliyobaki kituoni akampa Chérie, binti wa jirani. Adolphine alirudi nyumbani kichwa juu, maana mwanawe hakuwa mtoto wa magongo.

Kabla mafunzo ya mchangani hayajaanza, vita vikaingia Baraka. Watu wakajaa kwenye njia ya kukimbilia kijiji cha Swima. Adolphine alikuwa na kitoto mgongoni na mzigo wa unga kichwani, kwa hiyo ilimbidi Lionel atembee. Alianguka, akainuka, akaanguka tena. Chérie akawapita kwa magongo yake, tiki taka, akimfuata mama yake. Milio ya bunduki ilikuwa inakaribia.

Safari hii Lionel hakulia. Aliinua uso, akasema kwa upole, "Mama, tia mukono fasi ile, kama mule mu maji."

Adolphine aliutupa ule unga, chakula chao chote, akamshika mwanawe kiuno. Wakajikokota pamoja, na katika njia nzima aliyesikika akilia kwa sauti alikuwa yeye. Hakika, mchelea mwana kulia hulia yeye.