Akurushiaye Tope

Akurushiaye tope akuonyesha njia. Mmeisikia hapa gereji mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, wajukuu, acheni kwanza kuosha hiyo pikipiki. Ilianza hivi.

Nanyaro alikuwa bodaboda wa Usa River, na mbio za matopeni alizipenda kuliko chakula. Siku moja klabu ya mbio hizo ikamwazima pikipiki ya mashindano. Ile si kama boda! Nyepesi, imeinuka kama twiga, tairi zina meno. Haina taa, haina honi, wala pa kupakia abiria. Mchoyo mtupu! Sharti lilikuwa moja: ukimaliza mbio, unaingia klabu. Usipomaliza, rudi kijiweni.

Siku ya mbio mvua ilikuwa imenyesha. Mbele ya Nanyaro alikuwa Ndeanasia, dada aliyekuwa bingwa wa klabu, na tairi lake la nyuma likampaka Nanyaro tope kuanzia kofia hadi buti. Sasa, bodaboda ana desturi yake: hukwepa dimbwi, abiria asichafuke. Nanyaro naye akakwepa. Akaingia pembeni, kwenye nyasi safi za kijani. Pikipiki ikazama mpaka ikazimika.

Akasukuma, akavuta, akaitukana kwa Kimeru. Wapi! Ndeanasia akazunguka uwanja akamkuta palepale. Akasimama.

"Kaka, unapanda mpunga?"

"Wewe ndiye umeniponza! Unanirushia tope!"

"Tope nikishalirusha, chini panabaki pagumu. Hizo nyasi hazina alama ya tairi hata moja, hukujiuliza? Ivute nyuma, ingia kwenye mfereji wangu. Simama juu ya vikanyagio, kaza magoti, nifuate!"

Wakati wanabishana, mwingine akapita vuu! Huyo ndiye aliyechukua kikombe.

Nanyaro alifuata ule mfereji huku anakula tope kama uji. Akafika wa mwisho, lakini akafika. Mama yake mzazi, aliyekuja kutazama, alimpita bila kumtambua! Nanyaro akaenda moja kwa moja kwa Ndeanasia, watu wakajua leo ngumi. Akavua miwani.

"Dada, kikombe kimekuponyoka kwa ajili yangu. Asante. Na lile tope nalo, asante sana."

"Karibu klabu," Ndeanasia akasema. "Sasa kanawe, unatisha."

Mpaka leo, mgeni wa klabu akilalamika kuchafuliwa, Nanyaro hucheka, humpa kitambaa, humwambia: akurushiaye tope akuonyesha njia.