Kibuyu Kilichochoka Kubeba Maji

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona sauti ndogo? Mahindi yamewajaa mdomoni? Mezeni kwanza. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaazimana chumvi, alikuwepo Mama Nungunungu, mtunzi wa ngano. Alikuwa aking'oa mwiba mgongoni, akauchovya kwenye masizi yaliyokorogwa na maji, akaandika juu ya majani makavu ya mgomba.

"Haumii, dada?"

Anaumia, Hiza. Ndiyo maana kila akiandika alikuwa mkali.

Kila mavuno wanyama walikusanyika uwanjani kwa Mzee Nyati. Mwenye ngano alikaa kwenye kigoda karibu na moto, akisema neno wanaitikia, "Ehe!" Akikosa kuitikiwa, kigoda kinachukuliwa na mwingine, naye anakwenda kukaa upande ule moshi unakoelekea. Desturi yao ndiyo hiyo. Mama Nungunungu alikikalia kigoda hicho tangu ujana wake, na Fisi alikuwa akikitamani.

"Mwaka huu, shoga, nakaa mimi," Fisi alimwambia kisimani. "Ngano zako siku hizi zimepoa kama uji wa jana."

Mama Nungunungu akarudi nyumbani na hofu moyoni, akajifungia kuandika. Alipotoka kutafuta chakula, akakuta chungu kitupu. Akamwita binti yake mdogo.

"Kinungu! Karanga ziko wapi?"

"Mama, chungu kilipiga chafya, zikaruka nje. Zimealikwa harusini kwa mahindi."

"Na hayo maganda kidevuni?"

"Zilinibusu zikiniaga."

"Mwongo mkubwa wewe! Nyumbani humu hamsemwi uongo!"

Kisha Mama Nungunungu akarudi ndani kuandika habari za jiwe lililoolewa na mwezi.

"Sasa dada, hilo jiwe si uongo?"

Hilo lilikuwa limeandikwa, Mwantumu. Nyamaza usikilize.

Kesho yake Kinungu akatumwa mtoni kuchota maji. Akarudi mikono mitupu.

"Kinungu! Kibuyu kiko wapi?"

"Kimechoka, mama. Kimesema tangu kizaliwe kinabeba maji, na maji hayajakibeba hata siku moja. Kikaingia mtoni, kikajilaza chali, kikaenda zake."

"Umekiachia! Na tena unatoa hadithi jua likiwa utosini? Hujui anayetoa hadithi mchana anaota mkia?"

"Mkia ninao, mama."

"Utaota wa pili!"

"Vizuri. Huo nitafukuzia nzi."

Mama akainua mwiko. Mwiko ukabaki hewani. Taratibu akaushusha.

"Kikafika wapi?"

"Kwa Mamba. Mamba akakitazama, akakiuliza, wewe ni kichwa cha nani?"

"Kikamjibu nini?"

Kinungu akafungua mdomo. Lakini mama akashtuka, akakumbuka kwamba yeye ndiye mtunzi. "Nenda kachote maji kwa chungu!" Akafunga mlango.

Siku ile hakuandika hata neno. Alikaa na mwiba wake mkononi, akijiuliza kibuyu kilimjibu nini Mamba. Kumuuliza mtoto, aliona haya.

"Kilimjibu nini, dada?"

Ehe, na wewe umeshanasa. Ngoja.

Siku ya mavuno ikafika. Mama Nungunungu akakaa kwenye kigoda, akaanza kusoma jiwe lake. Maneno yalipangwa vizuri, hakuna lililokosewa. Akanyamaza asikie "Ehe." Kimya. Akasoma tena. Kimya. Kima alikuwa akimtoa mwenzake chawa. Kobe alikuwa amelala, kichwa ndani. Fisi alikwisha kushika mguu mmoja wa kigoda.

"Ngojeni!" Mama Nungunungu akatupa majani yake chini. "Ninayo nyingine. Nimeitunga mwenyewe. Palikuwa na kibuyu kilichochoka kubeba maji."

"Ehe!"

"Kikaingia mtoni, kikajilaza chali."

"Ehe!"

Kobe akatoa kichwa. Fisi akaachia kigoda.

"Mamba akakiuliza, wewe ni kichwa cha nani?"

"Ehe! Kikajibuje?"

Hapo jasho likamtoka. Akatafuta, akatafuta. "Kikajibu: mimi ni kichwa cha hekima."

Kimya. Kima akarudi kwenye chawa wake.

"Sivyo, mama!"

Nani huyo? Kinungu, amesimama juu ya kinu ili aonekane.

"Kaa chini, wakubwa wanazungumza," mama akamwambia huku ameuma meno.

"Mwache," Mzee Nyati akasema. "Sema, binti. Kilijibu nini?"

"Kilimwambia, mimi ni kichwa cha mwenye mto. Mwili wangu uko chini yako, umekaa mdomo wazi. Mamba akatoka majini mbio, na mpaka leo anaota jua ukingoni, anaogopa kurudi."

"Ehe! Ehe!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kobe alicheka mpaka akapinduka, ikabidi wamgeuze.

"Kigoda sasa ni changu," Fisi akasema.

"Apishwe mwenye ngano," Mzee Nyati akasema, akamnyanyua Kinungu na kumkalisha.

Mama Nungunungu akainuka, akaenda kukaa kwenye moshi, bega kwa bega na Fisi aliyekikosa kigoda. Machozi yakawa yanamtiririka.

"Unalia, shoga?" Fisi akamuuliza.

"Moshi."

"Mbona unacheka?"

"Hebu nyamaza bwana, nataka kusikia kimefika wapi." Na Kinungu alipoendelea, aliyeitikia "Ehe!" kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yeye.

"Kilifika wapi, dada?"

Sijui. Anayejua ni Kinungu.

Funzo la ngano hii ni la wakubwa, lakini wakubwa wameshakwenda kulala, basi nawaambia nyinyi. Mtoto akikuletea uongo mzuri, usimwibie nusu. Muulize mpaka mwisho.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayetaka kuibeba aibebe, ila aseme kaitoa kwa nani.