Mzee Aliyemfuta Binti Yake Kitabuni

Ndugu zangu, huko China kulikuwa na mzee mmoja mwenye kitabu cha ukoo. Vizazi kumi na vinne, kila jina limeandikwa kwa brashi na wino mweusi. Kila mwaka, mwezi wa nne, aliwapandisha watoto wake mlimani kufagia makaburi ya mababu, kung'oa magugu na kuwawekea wazee wao chai na matunda. Mila nzuri hiyo. Ninyi makaburi ya babu zenu mliyafyeka lini?

Basi binti yake akachumbiwa na kijana wa Tanga aliyekuwa akisoma kule. Mzee akawaka. "Ukimfuata huyo mgeni, huna ukoo!"

Binti akapiga magoti. "Baba, naolewa tu. Sijakukana."

Mzee akachukua brashi, akalipiga mstari jina la mwanawe. Siku hiyo alijiona mwanamume kweli kweli.

Ikapita miaka ishirini. Wanawe wa kiume walihamia mjini, na kila mwezi wa nne wakawa wanampigia simu tu. Kule juu magugu yakafika kifuani. Mzee magoti yalishachoka, mlima haupandi.

Mwaka mmoja akaja msichana mweusi, ana mundu na fagio. Mzee, akiwa uani kwake, alimwona anafyeka kaburi moja moja, anamimina chai, anainama mara tatu. Aliposhuka, akamwamkia kwa Kichina safi.

"Nani kakufundisha haya?"

"Mama yangu, Babu. Kwetu Tanga alifagia makaburi ya wakwe zake, kwa sababu yale ya kwao alikatazwa. Mwanzoni majirani walimcheka. Siku hizi wanakuja na majembe yao."

Mzee akalia, akaitisha brashi. "Mwite mama yako! Leo namrudisha kitabuni."

"Babu, mama tumemzika mwezi wa pili. Nimekuja kufagia kwa niaba yake."

Jamani, kosa la mzee halikuwa kuipenda mila yake. Alikosea kudhani mila hulindwa kwa kumfungia mtu mlango. Na sisi je? Jumamosi, kwenye kikao cha harusi, humu humu kanisani, tulimkataa binti wa watu kwa sababu ya kabila lake. Nilikuwepo, nikanyamaza, na ninaona aibu. Binti huyo amekuja leo, amekaa benchi la nyuma. Yeye bado yu hai. Ibada ikiisha natangulia mimi kumwomba radhi. Nani atanifuata?