Bawabu wa Ngurunga

"Mji si ukuta, mji ni wa kukufungulia." Mmeusikia leo mkacheka, mkasema kinachofunguliwa ni mlango, mji unaingiaje hapo? Haya, sogeeni. Msemo huu ulizaliwa kule juu kwenye magofu, na ulizaliwa hivi.

Zamani sana kilima kile kilikuwa mji, ukiitwa Ngurunga. Ukuta wa mawe pande zote, lango moja tu. Siku hizo za vita, jua likishuka lango lilisukumwa, na gogo zito la ndani likaanguka lenyewe mahali pake. Ukichelewa nje, bawabu alikuuliza, "Nani wako ndani?" Unamtaja mama, mke, yeyote. Anaitwa, anasikiliza sauti yako. Akisema, "Huyo wangu," gogo linainuliwa. Akikukana, shauri yako na fisi.

Bawabu wa mwisho aliitwa Mwinyimvua. Vita viliisha, kisima cha juu kikapungua maji, watu wakahamia bondeni nyumba baada ya nyumba. Yeye akagoma. "Mji hauhami," alisema. Akabaki na mbuzi mmoja, na alifunga lango usiku na mchana kuwazuia watu ambao hata hawakuwa wakija. Alizoea kupika kingi, kisha akala kidogo, akitazama moshi wa bondeni ukipanda kutoka majiko mengi.

Alasiri moja dada yake, Mwanatumu, alipanda na chungu cha uji. Akabisha.

"Nani wako ndani?" Mwinyimvua akauliza, akijua fika ni nani.

"Wewe, kaka! Fungua, mgongo unaniuma!"

"Ngoja nikamwite." Akajizuia kucheka. "Ameitwa. Anasema hakutambui."

Akangoja dada amtukane, wataniane kama zamani. Badala yake sauti ikasema polepole, "Sawa, kaka. Uji nimeuacha hapa." Nyayo zikashuka.

Mwinyimvua akakaa, akasikiliza hata nyayo zikaisha. Njaa ilimuuma, na kitu kingine zaidi ya njaa. Akainua gogo, akatoka kuchukua chungu. Alipoinama, upepo ukasukuma lango. Ndani, gogo likaanguka. Du!

Akasukuma. Akapiga kwa bega. Walioujenga mji ule hawakulipua kazi. Mwisho akabisha, kwa mkono wake mwenyewe, na mdomo wake ukauliza kwa mazoea, "Nani wako ndani?"

Mbuzi akajibu, "Meee."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka, maana alitafuta jina la kutaja, hata moja, asilione. Ukuta wote ule, na hakuna wa kusema, "Huyo wangu."

Akashuka na chungu mikononi. Mwanatumu alikuwa uani akipepeta mtama. Alimwona, hakuinuka.

"Nimeleta chungu chako," Mwinyimvua akasema.

"Bado kina uji."

"Sikuweza kuula peke yangu, dada."

Mwanatumu akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi. "Kaa basi, bawabu. Hapa hatuna lango la kukusumbua."

Kesho yake wapwa zake walipanda na ngazi, wakaruka ukuta, wakamtoa mbuzi. Wakamuuliza, "Mjomba, mbona umeuacha mji wako?" Akawaambia neno lile lile mlilolicheka nyinyi: mji si ukuta, mji ni wa kukufungulia.